Usiingie Migombani

Msasani, Tukuyu
3 Juni 2024

Baba mkwe wangu, Mzee Ambindwile,

Shikamoo.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Nina miaka ishirini na miwili katika ndoa na mwanao Lugano, na hatujawahi kusemezana wewe na mimi hata neno la "karibu chakula". Nikikuona njiani naingia migombani mpaka upite, kama mila ya kwetu inavyomtaka mkwe. Mama mkwe alipokuwa hai ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Sasa ni mwaka wa tatu tangu tumzike na sina wa kumtuma. Lugano yuko safarini na lori la ndizi, tena jambo hili sitaki alisikie kabla mimi mwenyewe sijalielewa. Kukupigia simu siwezi, maana sauti ni sauti. Karatasi haina uso, nikaona haitavunja heshima. Ackson anayekusanya maziwa huko Masukulu amekubali kukuletea, na majibu yako atakuja nayo asubuhi pamoja na madumu yake.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki iliyopita niliitwa ofisi ya kata nikapewa barua ya jeshi. Imeandikwa na Kapteni Pudensiana Kokushubila, anayefundisha maofisa chipukizi. Anaandaa somo kuhusu shambulio moja la majini lililoshindwa wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1979, la kwenda kwenye kisiwa wanachokiita Kisiwa Namba Nne. Alikuwa anamtafuta mtoto wa marehemu Praiveti Hosea Mwalupindi. Ndiye mimi.

Anasema baba yangu alikufa maji.

Baba, mwaka ule mimi nilikuwa mtoto wa miezi minne. Sina Hosea mwingine zaidi ya yule uliyetusimulia wewe. Mlipanda chombo kimoja, wewe ukarudi, yeye hakurudi. Kwenye misiba, kwenye harusi, hata siku tuliyomzika mama yangu, umesimama ukasema Hosea alipigwa risasi ya kifua akiwa nchi kavu, akikimbia mbele ya wenzake. Nimekua na risasi hiyo. Shuleni wenzangu walipoimba kwamba sina baba, niliwajibu kwa risasi hiyo, na waliacha kuimba.

Sasa kapteni anasema maji. Nani anakosea?

Anasema pia kuna taarifa ya zamani itakayochapwa katika kitabu cha somo, na jina la baba limo "kwa namna isiyopendeza". Hakusema namna gani. Nimemwandikia anieleze. Lakini wewe ndiye shahidi pekee ninayemjua, ndiyo maana nakuuliza.

Huku ukungu haujaondoka tangu Ijumaa, na cherehani yangu inakwama kwa unyevu. Nasubiri neno lako.

Mkweo,
Sekela


Masukulu
7 Juni 2024

Mama Tulia,

Marahaba. Barua nimeipata. Imefika ikinuka mtindi, na bahasha imegandishwa mara mbili. Kuna mtu aliifungua. Ackson anaapa si yeye, lakini Ackson huapa hata kuhusu maji anayoongeza kwenye maziwa ya watu. Wewe si fundi? Ukiandika tena, ishone bahasha kwa uzi.

Hosea alipigwa risasi. Mimi nilikuwepo, huyo kapteni wako hata kuzaliwa sidhani kama alikuwa amezaliwa. Tulishuka kisiwani salama, viatu vikavu, jua linachomoza, tukakimbia kuelekea kwenye mti mmoja mkubwa. Hosea alikuwa mbele. Risasi ilimpata hapa, kifuani. Nimelisema hilo miaka arobaini na mitano, na hakuna mwanamume wa Masukulu aliyewahi kuniambia nirudie kwa kuwa hakuniamini.

Sasa na mimi nikuulize. Huyo kapteni ametumwa na nani? Kwa nini leo? Watu wa makaratasi hawaji bure. Leo atakuuliza habari za baba yako, kesho atakuambia hukustahili kitu fulani, keshokutwa ataliondoa jina la Hosea kwenye lile jiwe la mashujaa pale shuleni. Nimewaona watu hao. Huja na sauti laini na kalamu.

Usimjibu. Usisaini chochote. Na Lugano usimwambie, hapo umefanya vizuri.

Ndizi za mwaka huu ni ndogo. Nimekupelekea mkungu mmoja kwa Ackson. Hesabu vichane, vilikuwa tisa.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kuniuliza hali, ingawa hukuniuliza.

Ambindwile Mwangomile


14 Juni 2024

Kwa Bi. Sekela Hosea,
Msasani, Tukuyu.

YAH: TAARIFA KUHUSU MAREHEMU PRAIVETI HOSEA MWALUPINDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nashukuru kwa barua yako. Umeomba nikueleze wazi, nami nakueleza wazi. Taarifa ya mwaka 1979 inasema hivi, neno kwa neno:

"Chanzo cha kushindwa: Praiveti Hosea Mwalupindi, Mnyakyusa, alimdanganya kamanda wake kuwa yeye ni mtu wa ziwa na mzoefu wa makasia. Mtumbwi wa kwanza ulipinduka mita mia mbili kutoka ufukwe wetu, kabla adui hajafyatua risasi. Mtumbwi wa pili ukarudi. Waliokufa maji: sita. Aliyeokoka katika mtumbwi wa kwanza: mmoja. Maelezo haya yametolewa na huyo aliyeokoka."

Kitabu cha somo kitaanza na sura yenye kichwa "Uongo wa Askari Mmoja". Jina la marehemu litatajwa, kwa kuwa limo kwenye taarifa. Utaratibu hauniruhusu kukutajia jina la shahidi. Familia ikiwa na maelezo tofauti, yaliyotolewa na mtu aliyekuwepo, yanifikie kabla ya tarehe 31 Julai. Baada ya hapo kitabu kinakwenda kupigwa chapa, na kitafundishwa kwa miaka mingi.

Naomba niongeze jambo ambalo si la kiofisi. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa hilo, na babu yangu alikuwa mvuvi. Kwetu kila mtoto anajua kwamba anayekaa nyuma ya mtumbwi ndiye anayeuelekeza. Mahali pengine taarifa inasema Hosea alikaa mbele. Haisemi nani alikaa nyuma. Nimeisoma mara nyingi, na pengo hilo linanisumbua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kapteni Pudensiana Kokushubila


Msasani
17 Juni 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Bahasha hii nimeishona kwa uzi mwekundu, mishono kumi na miwili. Ukikuta pungufu, mshike Ackson. Mkungu ulifika na vichane vyake tisa. Asante.

Nimekunakilia barua ya kapteni, isome kabla hujaendelea na yangu.

Umeisoma? Mimi niliisoma mara nne, mara ya tano nikashindwa. Baba yangu, ambaye jina lake limeandikwa kwenye jiwe pale shuleni, atasomwa na vijana wa jeshi kama mwongo aliyewazamisha wenzake watano. Wajukuu zake wakienda jeshini watamkuta humo. Tulia wangu anataka kwenda mwakani.

Aliyeokoka ni mmoja, Baba. Mimi si mtu wa shule nyingi, lakini kuhesabu mpaka moja naweza.

Unaniambia mlishuka viatu vikavu. Mimi nimeishi mbali na ziwa, lakini nimekwenda Matema, na sijaona mtu akishuka kwenye mtumbwi na viatu vikavu. Mama yangu alinisimulia kuwa ulirudi huku peku, umevaa kaptula ya mtu mwingine. Na lile sweta la kijivu alilomfumia baba, ulilomletea mama mkononi, ninalo mimi. Nimelitoa sandukuni jana nikalitandaza mezani. Mimi ni fundi, tundu la nguo nalijua hata likiwa limezibwa. Sweta hilo halina tundu la risasi. Halijawahi hata kulowa. Kama alikufa amelivaa, mbona ni zima? Kama hakulivaa, alilivua wapi, na nani alikuwa karibu akaliokota?

Tena kuna mambo ambayo zamani niliyapita bila kuyasimamia. Lugano aliponipeleka kwenu ulikataa nisiolewe, ukakataa mwaka mzima, na hukusema sababu. Nilidhani ni kwa kuwa sina baba. Halafu mila. Mdogo wako Amoni anakula meza moja na wakwe zake, anawatania, na mchungaji alishasema hakuna dhambi. Wewe ni mzee wa kanisa, una redio, una simu, ulikuwa wa kwanza Masukulu kupanda parachichi za kisasa. Kwa nini mila hii moja umeishika kuliko babu zetu?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Naogopa kulisema hilo kwako, lakini naogopa zaidi kutolisema.

Nani alikaa nyuma?

Sekela


Masukulu
20 Juni 2024

Mama Tulia,

Mishono ilikuwa kumi na mmoja. Ama hukuhesabu, ama Ackson ana sindano.

Mkwe hamhoji baba mkwe wake. Hata kwa karatasi. Ungekuwa unazungumza na baba yako mzazi usingethubutu kumwandikia namna hiyo, na Hosea mwenyewe angeona aibu. Mama mkwe wako angekuwa hai barua ile angeitia jikoni kabla sijaiona.

Sasa naona vizuri. Huyo kapteni amekuahidi kitu. Au unataka kunikosanisha na mwanangu ili shamba la juu apewe nikiwa bado hai. Sijui. Lakini mtu haachi kushona nguo za watu akaanza kupekua vita bila sababu.

Hosea alipigwa risasi. Usiniandikie tena.

A. Mwangomile


Msasani
9 Julai 2024

Baba,

Umesema nisiandike. Naandika. Ukitaka itie jikoni.

Juzi nilikuja huko kwenye msiba wa Mama Winfrida, mke wa Amoni. Ulijua nitakuja, wakwe wote walikuja. Nilikuwa nyuma ya jiko na wanawake wenzangu tukimenya ndizi, na nilikusikia ukisimama kuzungumza na waombolezaji. Ukafika pale pale unapofikaga: Hosea, risasi, kifua, mbele ya wenzake. Watu wakaguna kwa heshima. Lakini mara hii, Baba, ulisimama katikati ya neno "kifua" kwa muda mrefu mpaka Amoni akakuuliza kama unataka maji. Ukajibu kwa sauti, "Maji sitaki." Wanawake walicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Baada ya mazishi niliondoka kwa njia ile ya katikati ya shamba lako. Kulikuwa na baridi. Nilivaa sweta la baba, na sisingizii baridi, nililivaa makusudi. Ukatokea mbele yangu na fimbo yako. Nilishaanza kugeuka ili niingie migombani, mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye majani makavu.

Lakini uliingia wewe.

Mzee wa miaka sabini, mwenye njia yake, mwenye shamba lake, umetupa fimbo chini ukaingia migombani mbele ya mkwe wako kama mtoto aliyevunja chungu. Nilisimama pale nikasikia unavyopumua. Nilikuwa na hasira, na nilikuhurumia, na nikajichukia kwa kukuhurumia. Niliiokota fimbo nikaiegemeza kwenye mgomba, nikaenda zangu.

Mila haijasema baba mkwe ajifiche. Ni mimi ninayetakiwa kuingia. Kwa nini uliingia wewe?

Zimebaki siku ishirini na mbili kabla kitabu hakijaenda kupigwa chapa.

Sekela


Masukulu
15 Julai 2024

Sekela,

Leo nakuita kwa jina lako. Ninaandika mezani, mlango wazi, atakayepita apite.

Swali lako la migomba nitalijibu mwishoni. Nikianza nalo sitafika kwingine.

Katika kombania ile tulikuwa mgambo wawili tu wa Rungwe. Asubuhi moja luteni alitupanga mstari akasema, "Wanyakyusa wako wapi? Nyie si watu wa ziwa? Nataka wapiga makasia." Hakujua kwamba Wanyakyusa wa ziwa ni wale wa Kyela. Sisi wa huku juu ziwa tulikuwa tukiliona kwa mbali kutoka kilimani, siku zisizo na ukungu, na maji tuliyoyajua ni ya mto Mbaka, ya magotini. Lakini wiki nzima vijana wa makabila mengine walikuwa wakitutania kwamba Mnyakyusa ana maneno makubwa kuliko kifua chake. Wote walikuwa wakitutazama. Nikapiga hatua mbele. Nikasema, "Mimi, afande. Nimezaliwa majini." Ndivyo nilivyosema, mimi, mtoto wa Masukulu.

Luteni akamgeukia Hosea: "Mwenzako anasema kweli?"

Hosea alinitazama. Angesema hapana ningechapwa viboko mbele ya watu, basi, na watu sita wangekuwa hai. Lakini yeye na mimi tulikuwa rika moja, tulilala banda moja tangu tunachunga ng'ombe, na kwetu mtu hamuaibishi mwenzake wa rika mbele ya wageni. Akasema, "Kweli, afande. Na mimi pia." Kwa hiyo karatasi ya kapteni haisemi uongo mtupu. Baba yako alidanganya. Alidanganya ili mimi nisiaibike.

Jioni alinifuata akasema, "Ambi, twende kwa luteni tukamwambie." Nikamwambia mkubwa haambiwi amekosea, tena mbele ya siku ya kazi. Hatukwenda. Alfajiri, kabla ya kupanda, alivua sweta akampa mpishi amtunzie. Alisema, "Likilowa mke wangu ataninunia mwezi." Huo ndio mwisho wa sweta lako. Halikwenda vitani.

Injini ya mtumbwi haikuruhusiwa kuwashwa, adui angesikia. Hosea alikaa mbele. Nyuma nilikaa mimi. Nilidhani kuelekeza mtumbwi ni kama kumwelekeza ng'ombe, unamsukuma upande unaotaka aende. Wimbi la kwanza tulilivuka. La pili nilisukuma kasia, mtumbwi ukageuka ubavu, wote wakaangukia upande mmoja na masanduku ya risasi.

Kulikuwa na dumu la mafuta, la lita ishirini, tupu. Nililishika nikalilalia. Hosea aliibuka karibu yangu, ingekuwa nchi kavu ni hatua tatu. Akaninyooshea mkono. Hakuita hata jina langu. Nilikaza mikono yote miwili kwenye dumu. Nilijiambia halibebi watu wawili. Mkono wake ulikaa juu ya maji kwa muda wa kutosha kunifikiria vibaya, halafu haukuwepo.

Walipouliza nani alisema anajua maji, nilisema Hosea; naye alikuwa amelisema mbele ya wote, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Marehemu hajibu. Nikaweka dole gumba, ingawa naandika vizuri kama unavyoona, ili mwandiko wangu usionekane popote. Kisha nikaja kwa mama yako na sweta mkononi, akaniuliza alikufaje, na nikaiona ile risasi mdomoni mwangu kabla sijaifikiria. Nilidhani namfariji. Baadaye nikagundua kwamba nilikuwa najifunika mwenyewe.

Mwaka 1983, ili nipime, nilichukua dumu la namna ile ile, nikalifunga kwa kamba na jiwe la kusagia la mama yangu, nikalishusha kwenye kina cha Mbaka. Halikuzama. Lilielea juu na jiwe lake chini. Mama alinitukana siku tatu kwa ajili ya jiwe lake, nami nilikuwa nalia, akadhani nalia kwa matusi. Tangu hapo kila asubuhi Ackson na wenzake waliomtangulia wakipita na madumu, mimi huwa na kazi nyuma ya nyumba.

Halafu Lugano akakuleta. Una nyusi za Hosea. Una namna yake ya kutazama mtu anapodanganya. Nilikataa mwaka mzima. Mwishowe nikakubali kwa sababu nilikumbuka mila, kwamba mkwe hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hamtazami mkwe. Nikasema Mungu ameniachia mlango. Mama mkwe wako alidhani naheshimu wazee wetu. Watu walinisifia. Nimejificha nyuma ya heshima yako miaka ishirini na miwili, mwanangu, na wewe ndiye uliyekuwa ukichanwa na majani ya migomba.

Siku ya msiba nilimwona Hosea anakuja na sweta lake. Nilijua ni wewe. Nikaingia hata hivyo.

Usimwambie Lugano. La, mwambie. Mimi sijui tena kinachofaa kufichwa.

Ambindwile


Masukulu
22 Julai 2024

Kwa Kapteni Pudensiana Kokushubila,

Mimi ndiye aliyeokoka katika mtumbwi wa kwanza. Nimekuambatishia kurasa tano, zinaeleza nani alisema nini na nani alikaa nyuma. Nakala amepewa Sekela binti Hosea. Mwanzoni nilikudhania vibaya, nikamwambia umetumwa. Nisamehe kwa hilo.

Fomu ya maelezo uliyomtumia Sekela ina mstari mmoja unaosema "Fundisho lililopatikana". Mstari mmoja haukunitosha, nikaendelea nyuma ya karatasi.

Waambie vijana wako hivi. Ukitaka kujua kama mtu anayaweza maji, usimuulize mbele ya wenzake, wala usimuulize kwa kabila lake. Muite peke yake, umpe kasia, umpeleke majini umtazame. Mtu akiulizwa hadharani hujibu ili asionekane mdogo, na rafiki yake akiulizwa hujibu ili amsitiri. Luteni wetu hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali zuri mahali pabaya.

Waambie pia kwamba askari wa chini huenda anajua mkubwa amekosea, na akanyamaza kwa heshima. Sisi wawili tulijua jioni nzima. Na madumu yapimwe kabla ya kwenda, siyo miaka minne baadaye.

Kichwa cha sura yako kina neno "Mmoja". Tulikuwa wawili. Kama lazima libaki jina moja tu, weka langu, mimi ndiye niliyetangulia kusema. Safari hii sikuweka dole gumba.

Ambindwile Mwangomile


Msasani
29 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Barua hii sijaishona. Asome anayetaka.

Kapteni amenipigia simu. Kurasa zako zimefika. Sura ile anaiandika upya, na hajui bado ataipa kichwa gani. Ameniambia atayaweka maneno yako ya nyuma ya karatasi kama yalivyo.

Barua yako ya tarehe kumi na tano niliisomea dukani. Nilipofika kwenye mkono niliendelea kushona bila kutazama, nikaziba mguu wa suruali ya mwalimu wa watu. Nimeifumua mara mbili na bado haijakaa sawa. Mchana nililia, jioni nilikutukana, nakuambia ili ujue. Hosea wa risasi nilimzoea. Huyu wa maji, aliyeogopa mkewe atamnunia kwa ajili ya sweta, ndiyo kwanza namjua, na nimempenda zaidi, na nimempata siku ile ile niliyojua jinsi alivyokufa.

Sijakusamehe. Sitaki uende kanisani ukashukuru kwa kitu ambacho sijakitoa.

Lugano nimemwambia, nikiwa naye kwenye lori. Alizima injini ya lori akakaa ndani mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Kisha akasema niende kwanza mimi, yeye atafuata.

Jumamosi asubuhi nakuja Masukulu. Nitashuka barabarani na kupita ile njia ya katikati ya shamba, nikiwa nimevaa sweta. Nimeshiba mila, Baba, na nimeshiba karatasi. Yote uliyoniandikia nataka uniambie kwa mdomo wako, ukinitazama, kuanzia kwa luteni mpaka kwenye mkono. Nikishasikia ndipo nitajua la kukujibu.

Ukiniona nakuja, mimi sitaingia migombani. Na wewe usiingie.

Sekela, binti Hosea